Maswali ya Wasomaji: UTI Isiyokwisha na Mirija Iliyoziba

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 29, niko Morogoro. Natafuta mtoto mwaka wa tatu huu. Kila nikipima mkojo naambiwa UTI, napewa sipro (antibayotiki), maumivu ya chini ya kitovu yanapoa kisha yanarudi. Juzi nimepigwa picha ya HSG, ile eksirei ya kizazi na mirija inayopigwa kwa kusukuma rangi, wakasema mirija yote imeziba. Sijawahi kutokwa na usaha. Nimeyapatia wapi haya? Na dawa za kuzibua mirija zinazouzwa mitandaoni zinasaidia?

JIBU: Pole sana, dada. Tuanze na huo mkojo, maana wengi wanapotelea hapo.

Kipimo cha UTI hutumia mkojo wa katikati, na hutafuta seli za usaha na bakteria wa kibofu. Lakini kipimo hicho hakioni klamidia, bakteria wa ugonjwa wa zinaa anayeweza kuziba mirija. Klamidia huishi ndani ya seli, hasa za mlango wa kizazi, na haioti kwenye sahani za kawaida za maabara. Kuipata kunahitaji pamba ya ukeni, ambayo unaweza kujichukulia mwenyewe, au mkojo wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30, ukiwa umekaa angalau saa moja bila kukojoa. Sampuli hiyo hupimwa kwa mashine ya vinasaba. Ule mkojo wa mwanzo unaoambiwa uumwage chooni ndio uliotakiwa. Majibu yakionyesha seli za usaha lakini hakuna bakteria aliyeota, ulizia klamidia na kisonono hapohapo. Sipro si ya kutegemea kwa klamidia, na kisonono kimeshaizoea.

Wanawake wengi wenye maambukizi haya hawaoni dalili yoyote. Bakteria hupanda taratibu hadi kwenye mirija, mwili unapambana nao, na panapopona hubaki kovu. Utafiti mkubwa wa Sweden uliwafuatilia wanawake waliougua PID, yaani maambukizi ya viungo vya ndani vya uzazi: mirija ilishindwa kazi kwa takriban 8 kati ya 100 waliougua mara moja, na kwa 40 kati ya 100 waliougua mara tatu au zaidi. Hata hivyo, usimhukumu mtu bado. TB ya kizazi, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, na hata kidole tumbo kilichopasuka huweza kuziba mirija.

Antibayotiki huua bakteria, kovu haliguswi. Hizo chupa za mitandaoni hazilifikii kabisa, na zinakulia miaka ambayo umri wako unaihitaji. Chukua picha yako ya HSG, mpelekee daktari bingwa wa uzazi, umuulize imeziba sehemu gani. Ikiwa ni karibu na mji wa mimba, huenda mrija ulibana tu wakati rangi inasukumwa, kwa hiyo kipimo kirudiwe au ufanyiwe laparoskopi, yaani kuchunguzwa kwa kamera ndogo inayoingizwa tumboni. Ikiwa ni mwisho wa mrija na umejaa maji, maji hayo hurudi kwenye kizazi na kupunguza sana mafanikio ya IVF, yaani kutungisha mimba maabara. Mrija huo hutolewa au kufungwa kwanza.

SWALI: Nimekutwa na klamidia. Mume wangu anasema haumwi popote, hanywi dawa. Dozi yangu pekee inatosha?

JIBU: Haitoshi, mama. Atakuambukiza tena, na kila maambukizi mapya ni nafasi ya kovu jingine. Mwanaume naye mara nyingi haoni dalili, na kwa kuwa ugonjwa hukaa kimya miezi mingi, hakuna kipimo kitakachoonyesha nani alianza. Mwambie hivyo, huenda ndicho anachokiogopa.

Kila mmoja anywe doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7, na msikutane kimwili hadi wote mmemaliza. Meza na glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa kwa sababu kidonge kikikwama huunguza koo la chakula, na usichanganye na dawa za kiungulia. Ukiwa mjamzito usiitumie. Utapewa azithromaisini gramu 1 kwa mara moja.

Ukiwa na maumivu ya tumbo la chini, homa, au maumivu wakati wa tendo, siku 7 hazitoshi. Matibabu ya PID ni sindano ya seftriaksoni, kisha doksisaiklini na metronidazo kwa siku 14, na huanza siku hiyohiyo bila kusubiri majibu. Pimeni tena baada ya miezi 3. Na siku ukikosa hedhi ukasikia maumivu upande mmoja, kizunguzungu au maumivu ya bega, nenda hospitali saa hiyohiyo: mimba huenda imetunga kwenye mrija.