Kabla ya kuwaita watu wapande miti

Kwa miaka saba sasa nimekuwa nikiratibu kundi la wakazi wanaojitolea kutunza kingo za kijito kinachopita nyuma ya soko letu, wilayani Tororo nchini Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, na kumwaga maji yake katika Mto Malaba. Wamo waendesha bodaboda, akina mama wauza samaki na nyanya, vijana wa kubeba mizigo mpakani, na wakulima ambao mashamba yao yanagusa maji. Kwa kuwa Waiteso, Wapadhola, Wasamia na Wagisu wote wamo, mikutano yetu huendeshwa kwa Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya mpaka huu muda mrefu kabla ya kuwa lugha ya serikali. Watu wa vijiji vingine hutujia mara kwa mara wakitaka kuanzisha kazi kama hii, na karibu wote huanza kwa kuuliza miche inapatikana wapi. Miche inapatikana. Kigumu ni kumpata mtu atakayerudi wiki ya tatu, wakati hakuna mgeni, hakuna soda, na kazi iliyobaki ni kung'oa magugu.

Siku yetu ya kwanza ilifana sana, na huko kufana ndiko kulikotuharibia mwaka mzima. Shirika moja lilitupatia miche, fulana na pesa za nauli, nasi tukatangaza kwa kipaza sauti sokoni. Walikuja watu wengi kuliko majembe. Hotuba zilianza saa tatu zikaisha karibu saa sita, jua likiwa utosini, kisha watu wakashuka mtoni kwa pupa ili wamalize na kurudi kwenye shughuli zao. Wiki mbili baadaye nilikwenda peke yangu kutazama, nikavuta mche mmoja uliokauka, ukatoka mzima mzima pamoja na kiriba chake cheusi cha plastiki. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani kama uzi katika kibunda. Nikavuta wa pili na wa tatu, hali ikawa ile ile. Hakuna aliyewaambia watu kwamba kiriba huondolewa, na sisi waandaaji tulikuwa na kazi ya kupiga picha na wageni. Isitoshe, ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua zikielekea kwisha. Ile michache iliyopona kiriba na kiangazi, mbuzi waliimaliza mwezi wa Januari.

Tangu hapo tumegeuza mpangilio. Hatumwaliki mtu kupanda mpaka tuwe tumekwisha kukubaliana nani atapalilia, nani atafunga mbuzi wake, na sehemu ipi ya ukingo ni ya nani kuitunza. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni kazi ya misimu minne au zaidi, hadi mti uwe umepita urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Jirani zetu wa Kenya walilijua jambo hili zamani. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani aliloanzisha Wangari Maathai mwaka 1977 liliwapa wanawake malipo madogo kwa kila mche uliostawi. Malipo hayo hayakuwa ya kila mche uliopandwa, na tofauti ya maneno hayo mawili, uliopandwa na uliostawi, inabeba sehemu kubwa ya ushauri ninaoweza kumpa mtu anayeanza.

Jambo la pili lilituchukua muda mrefu zaidi kulielewa, kwa sababu watu hawakulisema waziwazi mikutanoni. Upande mmoja wa kijito miche ilikuwa ikitoweka usiku bila alama ya mbuzi wala ya ng'ombe. Mzee mmoja alininong'oneza tukiwa tumezunguka chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, kwamba nimwendee mama fulani mjane, mwenye shamba la muhogo na mahindi lililoteremka hadi majini. Nilimkuta akimenya muhogo uani. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na za mvua, akanipa kigoda, na baada ya kimya kirefu akaniuliza, "Mwanangu, mkishapanda miti yenu pale chini, shamba litakuwa la nani?" Nikamjibu kwamba litabaki lake. Akacheka kidogo. "Hata wale waliopima barabara walisema hivyo."

Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa adui wa mazingira. Alikuwa mjane mwenye kipande kimoja cha ardhi, na kwa mtu kama huyo, watu wa nje wanaopanda kitu cha kudumu kwenye mpaka wa shamba lake wanaonekana kama watu wanaoweka alama. Kosa letu lilizidi pale ambapo kila mkutano tuliufungua kwa kutaja sheria. Ni kweli kwamba kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinahifadhi ukanda wa mita 30 kando ya mito ya kawaida, na mita 100 kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa. Lakini mwenye shamba la upana wa mita 40 akisikia mita 30, hasikii habari za uhifadhi. Anasikia kwamba amebakiwa na mita 10.

Tulichofanya ni kumwomba mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aitishe kikao cha wenye mashamba peke yao, bila wageni na bila kamera. Katika daftari la kijiji iliandikwa kwamba ardhi inabaki ya mwenyewe, kwamba mti ni wa yule ambaye shamba ni lake, na kwamba majani, kuni na matunda yatakuwa yake. Kila mmoja alitaja mwenyewe upana anaoweza kuanza nao, akatia saini au dole gumba. Wengine walitoa hatua tatu tu. Tulizipokea hatua tatu bila kunung'unika, na afisa mazingira wa wilaya, aliyekuja mara ya pili, aliwaeleza sheria kwa upole watu ambao tayari walikuwa na kitu chao pale ukingoni. Wengi wameongeza hatua tangu siku hiyo, hasa baada ya kuona kwamba ukingo wa jirani haumomonyoki.

Uchaguzi wa mimea nao ulibadilika, kwa sababu mtu hujitolea kwa moyo zaidi pale anapopanda kitu atakachokivuna. Karibu na maji tunapanda matete, ambayo hushika udongo upesi na kulisha ng'ombe. Juu kidogo tunaweka kaliandra, lishe nzuri ya ng'ombe wa maziwa. Na juu zaidi miti ya kudumu kama musizi, mvule na mutuba. Mutuba una faida ya pekee kwa kundi lisilo na fedha, kwani tawi lake nene hukatwa, likachomekwa ardhini na kuchipua, hivyo hauhitaji kitalu. Mikaratusi, au kalitunsi kama wengi wanavyoiita huku, tunaikataa ukingoni, ingawa vijana huipenda kwa kuwa inauzika mapema kama nguzo. Inakunywa maji mengi mno. Anayeitaka tunamshauri aipande kwake juu mlimani, na katika hili sijawahi kulegeza msimamo.

Sasa nije kwenye muda, ambao waandaaji wengi huuchukulia kama kitu cha bure. Mwendesha bodaboda anayekuja mtoni Jumamosi asubuhi ameacha abiria. Mama anayeishi kwa leja leja, yaani vibarua vya siku, ameacha shamba la mtu ambalo lingempa chakula cha jioni. Kwa hiyo sisi hufanya kazi saa mbili tu, kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa tatu ikifika tunasimamisha kazi hata kama mashimo matano yamebaki. Jioni ya kuamkia siku hiyo watu watatu huteremka kupigilia vijiti mahali pa kuchimba, huhesabu majembe, na kugawa ukingo katika vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvimaliza. Mtu akisimama nusu saa akingoja jembe, siku nyingine hatakuja, na hatakwambia sababu.

Kuhusu malipo, watu tunaoshirikiana nao hawakubaliani nami, lakini msimamo wangu ni huu: usitoe pesa siku ya kupanda, ila toa chakula. Sufuria ya posho, yaani ugali, na maharage inayopikwa pale pale na watu wa kundi huwaweka watu pamoja nusu saa zaidi, na katika nusu saa hiyo mambo mengi ya kundi huamuliwa. Mahali pesa za nauli zilipogawiwa mara moja, mkutano unaofuata huanza kwa kuuliza kama zipo.

Vilevile tahadhari na njia ya kulazimisha. Wengi wetu tumekua tukisikia habari za bulungi bwansi ya Buganda, ambapo ngoma ikilia kila nyumba hutoa mtu wa kusafisha kisima au kutengeneza barabara, na ni desturi ya kuheshimiwa. Kiongozi wetu mmoja alitaka kuiiga kwa kuongeza faini kwa asiyefika. Walifika wengi siku hiyo, wakachimba mashimo yenye kina cha kidole, wakaandikisha majina na kuondoka. Ilitulazimu kuyachimba upya.

Daftari letu la sasa ni la kawaida la shule. Kila kipande cha ukingo kina ukurasa wake, na mwishoni mwa Februari, kiangazi kinapokaribia kwisha, watu wawili wasio wenye kipande hicho huhesabu miti iliyo hai. Hesabu husomwa mbele ya wote. Mwanzoni niliogopa kwamba tungewaaibisha watu, lakini kilichotokea ni kwamba wale wenye hesabu mbovu walianza kueleza matatizo ambayo tusingeyajua: mchwa katika sehemu yenye udongo mwekundu, njia ya ng'ombe wa kijiji kingine, mume aliyekatalia mke asitoke. Njia ya ng'ombe tuliihamisha. Mchwa tumewapunguza kwa kuacha kurundika matandazo kwenye shina. Yule mama mjane husoma hesabu ya kipande chake mwenyewe, polepole, akiwa amevaa miwani ya mwanawe.

Wafyatua matofali ndio bado hatujawapata. Wako sita, wanachimba udongo kwenye kona ya chini ya kijito, na kila msimu shimo lao linasogea hatua chache kuelekea miti yetu. Wawili kati yao huja kupalilia nasi Jumamosi, kisha saa tatu wanarudi shimoni, kwa kuwa ndiko ada za shule za watoto wao zinakotoka. Mwenyekiti amependekeza tuwatafutie sehemu nyingine ya udongo mbali na maji, nasi tumepanga kwenda kuitazama pamoja nao kabla ya mvua za Machi.