Mrija wa kifua unatoa maji meupe, sio lazima iwe usaha

Pole sana dada. Umesema mdogo wako kafanyiwa oparesheni ya kifua, mrija ulikuwa unatoa maji ya kawaida tu, alivyoanza kula wali wa nazi yakageuka meupe kama maziwa na hapo wodini Mtwara watu wanakwambia usaha. Usaha inawezekana, ila hiyo kubadilika baada ya kula mafuta mimi inanipeleka kwenye kilotoraksi, haitokei sana, kuna mshipa mwembamba unapita kifuani unabeba mafuta ya chakula kuyapeleka kwenye damu, ukijeruhiwa kwenye oparesheni yanavujia kifuani. Muulize daktari leo leo kama wamepima trigliseraidi (aina ya mafuta) kwenye hayo maji, ikizidi 110 mg/dL basi karibu hakika ni hiyo kilotoraksi. Kwa sasa nazi, korosho na vya kukaanga weka pembeni, najua huku kwetu mboga bila nazi ni shughuli. Wengi wanapona kwa chakula na mrija tu, ila fuatilia yanatoka kiasi gani, ikipita lita 1 kwa siku na haipungui wanaweza kurudi kuufunga huo mshipa. Homa ikipanda au pumzi ikibana usisubiri raundi ya asubuhi, ita nesi hapo hapo.