Hesabuni Magari Kabla ya Kukusanya Saini

Wiki mbili zilizopita njia ya kukata kulia ilifunguliwa kwenye makutano ya mtaani kwetu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimesimama pale. Nililiona gari la kwanza likiingia kwenye njia ile mpya na la nyuma yake likipita moja kwa moja bila hata kugusa breki, na machozi yakanilengalenga. Miaka mitatu na nusu ya kuhangaika! Nilipoandika habari hizo, msomaji mmoja akaniuliza: "Kaka, na sisi huku tunaamka saa kumi alfajiri ili tusinaswe na foleni. Saini tumeshakusanya. Sasa tufanyeje?"

Dada yangu, nitakujibu kwa kukusimulia yaliyonikuta, kwa sababu na sisi tulianza na saini.

Nilikuwa katibu wa kamati. Kila jioni nilipita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani, na kila aliyefungua mlango alikuwa na lake: mama aliyepewa onyo kazini kwa kuchelewa, mzee aliyepoteza miadi ya daktari akiwa ndani ya gari, watoto wanaolala na sare kwenye kiti cha nyuma. Tukafikisha saini 1,400. Tukaandika mabango makubwa, "TUNATAKA NJIA NNE", tukaingia ofisi ya barabara watu tisa, nguo zimepigwa pasi.

Mhandisi aliyetupokea hakuifungua bahasha. Aliuliza swali moja tu: "Saa ya foleni yanapita magari mangapi, na kati ya hayo mangapi yanakata kulia?" Mimi niliwatazama wenzangu, wenzangu wakatazama sakafu. Tukaambiwa turudi tukiwa na hoja. Swali lilikuwa la haki, nakubali. Lakini mtu anayeachia barabarani saa tatu za maisha yake kila siku hastahili kusemeshwa kama mtoto aliyekosea njia. Hadi leo nikipita karibu na jengo lile kifua kinabana.

Miezi iliyofuata naiacha. Vikao vilipungua watu, tukabaki wanne.

Aliyetunyanyua ni jirani yetu, mpima ardhi mstaafu. Alitukalisha kwenye benchi lililotazamana na makutano, akatugawia karatasi alizozipigia mistari mwenyewe. Karatasi moja kwa dakika 15. Safu tatu kwa kila upande: wanaokwenda kushoto, wanaonyoosha, wanaokata kulia. Mabasi, malori na pikipiki viandikwe kando. Gari likipita unachora kijiti, vinne vikitimia cha tano unakikatiza juu yao. Tuhesabu Jumanne, Jumatano na Alhamisi, alisema, kwa kuwa Jumatatu na Ijumaa zina mambo yake, na wiki za likizo ya shule tusiziguse kabisa. Na kila taa inaporudi nyekundu, tuandike magari mangapi yameachwa.

Ni hapo kwenye yaliyoachwa tulipoukuta ugonjwa. Siku ya pili niliona gari dogo jeupe limewasha indiketa ya kulia katikati ya njia pekee iliyopo, likisubiri upenyo kwa wanaotoka upande wa pili. Upenyo haukutokea. Nyuma yake basi, nyuma ya basi mlolongo hadi kwenye mteremko, wote wakitaka kunyoosha tu. Taa ikawa kijani, ikawa njano, ikawa nyekundu. Yalipita magari manne. Nilichora vijiti vinne, mkono ukawa mzito.

Wahandisi wana kipimo chao: njia moja ikipewa taa ya kijani saa nzima hupitisha magari kama 1,800. Ikipewa kijani nusu ya muda, ni kama 900. Na mmoja akiziba mbele, hata hiyo 900 huipati. Kwa hiyo zile njia nne tulizozililia zingetufikisha palepale, kwenye taa ileile, nyuma ya gari lilelile. Ukipanua mfereji ukaacha karavati dogo, maji yatafurika tu.

Na hata makutano yakiwa mazuri, upana una deni lake. Mwaka 1962 mchumi wa Marekani Anthony Downs alieleza kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa, magari ya saa za msongamano huongezeka mpaka yaijaze tena. Waliokuwa wakipita njia nyingine huhamia pale, waliokuwa wakitoka mapema huchelewa kutoka, waliokuwa wakipanda basi huwasha gari. Houston, hukohuko Marekani, walipanua barabara yao kuu ya Katy, kazi ikamalizika mwaka 2008, ikafika njia 26 mahali fulani ukijumlisha na za pembeni. Ndani ya miaka michache foleni zilikuwa zimerudi. Ndugu zangu, acheni kuomba upana. Ombeni kitu kimoja kidogo chenye hesabu nyuma yake. Hesabuni!

Sisi tulirudi na kurasa 96 na maombi matatu: njia fupi ya kukata kulia, kituo cha basi kisogezwe mbele, baada ya kuvuka makutano, taa zipangwe upya. Walipositasita tuliomba wajaribu kwanza kwa koni za plastiki. Majaribio yana nguvu kuliko hotuba. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, waliyatoza magari ada ya msongamano kwa majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari yanayoingia katikati ya mji yakapungua kwa karibu moja ya tano, na wananchi wengi waliokuwa wakiipinga wakaja kuipigia kura ya ndiyo. Watu huamini walichokipita wenyewe.

Siku ya uzinduzi palikuwa na hotuba ndefu. Jina la mpima ardhi wetu halikutajwa. Wala la yule bibi aliyekaa kwenye benchi siku tatu na blanketi magotini, akichora vijiti vilivyonyooka kuliko vya sisi sote. Nilinyamaza siku ile, lakini liliniuma na bado linaniuma. Mkishinda, hakikisheni majina ya waliohesabu yamo kwenye barua ya kwanza kabisa, yaliyochapwa, kabla wenye vipaza sauti hawajafika.

Saini zako usizitupe, dada. Ziweke chini ya hesabu, ziwe kiambatisho. Tafuta watu wanne wasiosinzia, karatasi, na mahali salama pa kukaa, mbali na ukingo wa barabara. Anzeni Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni haijafunga, ili muone dakika inapoanzia na gari linaloianzisha. Halafu niandikie mlichokikuta. Karatasi za mzee bado ninazo, nitakutumia nakala.