Maji meupe ya asubuhi si dawa, ni hewa. Ila hiyo hewa imeingilia wapi?

Kwa waliochelewa uzi: mleta mada anaishi kijijini, maji yao ya bomba ni ya mgao, yanafungwa jioni na kufunguliwa alfajiri. Yakifunguliwa yanatoka meupe kama maziwa, halafu yanatakata. Mtoto wake wa miaka miwili ameharisha mara tatu tangu mvua zianze. Majirani wengine wanamwambia huo weupe ni dawa imezidi, wengine wanamwambia achemshe tu, yaishe. Anauliza kama kuchemsha kunatosha.

Mdogo wangu, nimekuwa mhazini wa jumuiya ya watumia maji kwa miaka sita, kijiji kimoja chini ya Mlima Meru, upande wa Usa River. Na nimechemsha maji tangu siku ya kwanza niliyoolewa huku. Nakujibu kwa niliyoyaona. Ni ndefu kidogo, chukua chai kabisa.

Tuanze na huo weupe. Kesho asubuhi kinga maji kwenye glasi ya kioo, iweke mezani, usiiguse. Yakianza kutakata kutokea chini na weupe ukapanda mpaka ukaishia juu ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni hewa, vipovu vidogo sana. Dawa, yaani klorini, haifanyi maji kuwa maziwa. Utaijua kwa harufu, kama nguo iliyoloekwa kwenye jiki. Na kama weupe unatulia chini kama unga, hapo una udongo au chokaa, ni habari nyingine.

Hewa haimdhuru mtu. Ndiyo maana sisi wanakamati tulikuwa tunawajibu watu kwa kujiamini kabisa: ni hewa tu, kunyweni. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza hewa inaingiaje kwenye bomba lililofukiwa ardhini.

Inaingia hivi. Bomba likiwa limejaa, presha inasukuma maji kutoka ndani kwenda nje. Likiwa na tundu, unapoteza maji, basi. Lakini ukifunga valvu ya tangini saa moja jioni, walioko bondeni wanaendelea kukinga. Maji yanashuka kuwafuata, huku juu kunabaki utupu, na kila tundu lililokuwa linatema linaanza kunyonya. Tundu lililo pakavu litanyonya hewa, na asubuhi utaona maziwa. Tundu lililozama kwenye dimbwi litanyonya dimbwi.

Kwetu ilitokea masika. Watoto wakaanza kuharisha, lakini si kijiji kizima, ni kwenye magati mawili, yaani vituo vya kuchotea maji, ya chini ya kanisa. Kamati tukafanya kilichozoeleka: tukapanda mlimani kwenye chanzo, tukafyeka majani, tukatoa mchanga kwenye banio, tukaosha tangi, tukapiga picha za pamoja tukiwa na mabuti. Kuharisha kukaendelea. Tukachukua sampuli tangini, ikapelekwa maabara, majibu yakarudi safi, hakuna hata kimelea mmoja wa kinyesi kwenye mililita 100, na hicho ndicho kiwango. Mwenyekiti akataka karatasi ibandikwe kwenye ubao wa kijiji siku hiyohiyo ili wasemao wanyamaze.

Fundi bomba wetu, mzee wa watu asiye na maneno mengi, aliniuliza swali moja tu: "Mhazini, kwani wewe huwa unakinga tangini?"

Saa tatu usiku tukatoka naye, mimi nimeshika tochi, yeye ana kopo la majivu ya jikoni. Tukaenda kwenye chemba ya valvu iliyo juu ya yale magati mawili. Mfuniko wa zege ulikuwa umemeguka pembeni. Ndani kumejaa maji ya mvua, rangi ya chai ya maziwa, na njia ya mifugo inapita palepale, kwa hiyo vilivyokuwa vinaelea huhitaji nikutajie. Akanyunyiza majivu juu ya maji. Yakatulia kidogo. Halafu yakaanza kusogea polepole, yakajipanga mstari kuelekea upande mmoja, yakazama palepale bomba linapoungana na valvu. Tulipoinama tukasikia mlio, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija.

Asubuhi valvu ilipofunguliwa, maungio yaleyale yakawa yanarusha maji safi kwenda nje, kijimchirizi tu. Na mimi nilikuwa nakijua hicho kijimchirizi! Kilikuwa kwenye daftari langu tangu mwaka uliotangulia, kimeandikwa "upotevu". Nilikuwa nakipigia hesabu kwa ndoo za shilingi 50, naona kinatupotezea hela. Kinachoingia usiku sikuwahi kukifikiria.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Mpira wa maungio ukabadilishwa, kuta za chemba zikanyanyuliwa juu ya usawa wa ardhi, ukawekwa mfereji wa kutolea maji ya mvua, mfuniko mpya. Kilicholeta ugomvi ni mgao. Fundi alitaka tuache kufunga tangini, tufunge kwenye matoleo ya kila mtaa kwa zamu, ili bomba kuu libaki limejaa usiku kucha. Watu wa juu hawakupenda, maana walizoea kuwa wa kwanza. Tulikaa vikao vitatu. Kwenye kile cha tatu mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alisimama akauliza nani kati yetu yuko tayari kunywa kikombe kimoja cha yale maji ya chemba, na kikao kikaisha mapema.

Klorini nayo tulikuwa tunaitumia vibaya. Tulimwaga tangini kwa kukadiria, tukaona kazi imekwisha. Kumbe cha kuangalia ni kiasi kinachobaki kwenye gati la mwisho kabisa: kisipungue miligramu 0.2 kwa lita, na kwa kawaida kiwe kati ya 0.2 na 0.5. Kuna kifaa kidogo cha mkononi, unatia kidonge kwenye maji yanageuka pinki, unalinganisha na rangi. Siku ya kwanza tulipopima, gati la mwisho halikubadilika rangi hata kidogo. Pia klorini ina kazi ngumu kwenye maji ya tope, inaishia kupigana na tope kabla haijafika kwa vijidudu, na hata maji yakiwa masafi inahitaji kama nusu saa. Kwa kuosha tangi ni hesabu tofauti: miligramu 50 kwa lita, maana yake tangi la lita 10,000 linataka kama gramu 770 za ule unga wa asilimia 65, yalale humo usiku kucha, kisha yamwagwe yote. Hayo ni ya kuoshea, mtu asije akayakinga.

Sasa wewe nyumbani. Maji ya kwanza ya asubuhi usinywe wala usimpikie mtoto. Fulia, deki, mwagilia. Kinga ya kunywa baada ya bomba kutiririka muda, yakiwa yametakata. Hayo ndiyo uchemshe mpaka yatokote kwelikweli, ukiyapa dakika moja ya kutokota inatosha, usimalize mkaa. Yapoe kwenye sufuria ileile na mfuniko wake, kisha ndoo yenye koki. Nimeona nyumba nyingi zinachemsha vizuri, halafu kila mtu anachota kwa kikombe chake na vidole ndani. Na huyo mtoto usisubiri majibu ya maabara: ORS na zinki, aendelee kula na kunyonya. Ukiona damu, au macho yameingia ndani, au hanywi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kwa vijidudu, ndiyo, kuchemsha kunatosha. Lakini hujatuambia uko mkoa gani, na hapo ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu mimi kuchemsha kuliniangusha.

Mimi ni wa Pangani, pwani ya Tanga. Maji yetu yana chumvi, lakini meno tunayo. Kifungua mimba wangu alipofika miaka saba akaota meno ya mbele, yakatoka na mistari myeupe kama chaki. Nikadhani ni uchafu, nikamsugua. Baada ya muda mistari ikageuka kahawia. Mama mkwe akaniambia, bila hata kunigeukia, "Ni meno ya huku hayo, utazoea." Na kweli huku watu wamezoea, mpaka wanaume wazima wakicheka wanaziba mdomo kwa mkono na hawajui kama wanaziba.

Daktari wa meno akaniuliza tunakunywa maji gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba mtoto wangu hajawahi kunywa tone ambalo halijachemshwa. Akanyamaza kidogo, akaniambia floraidi, madini ya kwenye maji ambayo yakizidi yanatia meno madoa, haichemki. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi kukolea. Nikakumbuka maharage yangu ya saa tatu jikoni. Na nilikuwa nayatia magadi yaive upesi, na magadi ya huku kwetu yenyewe yana floraidi.

Hii inatoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho cha Tanzania sasa. Zamani vijijini tuliruhusiwa mpaka 8, baadaye ikashushwa 4. Haina rangi, haina harufu, na kwa viwango hivi ulimi hauijui. Meno yanaharibika yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, kwa hiyo wa kulindwa kwanza ni wa chini ya miaka minane. Aliyeshaota meno yake yote hayataingia madoa tena, ila anayekunywa kiwango kikubwa miaka mingi, mifupa nayo inaguswa.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Tulikuwa na vyanzo viwili. Chemchemi ya juu, ambayo ikinyesha tu inachafuka na kila mtu analalamika. Na kisima kirefu cha chini, kilichochimbwa kusaidia kiangazi, maji yake yanang'aa, baridi, matamu, wageni wakija tunawapa hayo. Tulipopima floraidi, chemchemi ilikuwa ndani ya kiwango. Kisima kilikuwa zaidi ya mara mbili.

Njia tulizotumia: maji ya mvua kwa kunywa na kupikia watoto, maana mvua haina floraidi ya kuhesabika, ila uyaache ya kwanza yaoshe bati yamwagike, ukinge yanayofuata na uyachemshe. Na chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamelishughulikia miaka mingi. Linafanya kazi, lakini linachoka; lisipobadilishwa unakunywa floraidi yako kupitia kwenye ndoo nzuri. Kuna jirani alikataa mpaka ahakikishiwe kwamba ni mifupa ya ng'ombe na amechinjwa vipi. Sikumcheka, hata mimi siku ya kwanza nilinusa kwanza. Mtoto wangu wa pili ana miaka 10, meno yake ya mbele ni ya Pangani.

Kwa hiyo kama uko Arusha, Manyara, Kilimanjaro, Singida au Shinyanga, pima floraidi kabla hujatuliza moyo na sufuria. Maabara za ubora wa maji za wizara zipo mikoani, hii ya Arusha ndiyo tuliyotumia. Sampuli ya floraidi weka kwenye chupa safi ya plastiki. Ya vijidudu usibebe kwenye chupa ya soda. Omba chupa yao iliyotakaswa, kinga gatini unakochota, weka kwenye boksi la barafu, ifike siku hiyohiyo. Ukiwa na jumuiya ya maji, waambie wakuonyeshe majibu ya mwisho, na usiulize tu kama yalikuwa safi, uliza sampuli ilikingwa wapi na saa ngapi. Wakikuzungusha, jumuiya hizi ziko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu sheria ya maji ya 2019, ofisi ya wilaya ipo.

Lakini kabla ya yote hayo, leo usiku wakishafunga maji, chukua tochi na kopo la majivu, tafuta chemba iliyo juu ya gati lenu. Usiende peke yako, nyoka wanapenda hizo chemba. Ukiona majivu yanasogea, rekodi video kwa simu na umwite mwenyekiti usiku huohuo aje aone kwa macho. Asubuhi maji yakifunguliwa atakuta bomba linavuja kidogo tu.