Robert Morris: ndiyo, alifungwa kwa madeni

Ndugu, umeuliza kama ni kweli aliyetafuta fedha za vita vya uhuru wa Marekani alifungwa kwa madeni. Ni kweli kabisa.

Robert Morris alizaliwa Liverpool mwaka 1734, akaja Marekani akiwa kijana mdogo, akajifunza kazi kwa tajiri mmoja wa Philadelphia. Mwaka 1757 akawa mshirika wa Thomas Willing katika biashara ya meli. Kampuni yao iliuza pia watumwa, na hilo tusilifiche.

Alitia saini Azimio la Uhuru na baadaye Katiba. Mwaka 1781 alikabidhiwa hazina iliyokuwa tupu, akatoa hati za malipo kwa jina lake mwenyewe. Watu walizipokea kwa sababu walimwamini Morris kuliko Bunge lao! Ndivyo jeshi la jenerali George Washington lilivyofika Yorktown, kwenye pigano kubwa la mwisho la vita hivyo.

Akawa seneta wa Pennsylvania, 1789 hadi 1795. Kilichommaliza ni ardhi: alinunua mamilioni ya ekari kwa mkopo, wanunuzi wakakosekana. Alikaa gerezani 1798 hadi 1801. Washington alimtembelea humohumo, wakala chakula pamoja. Hapo mimi huguswa sana.