Andika tarehe moja tu, siku zijijaze zenyewe

Aprili 2024 nilikaa na dereva wa bodaboda yetu moja kufunga hesabu ya Machi. Nasimamia pikipiki tatu za familia, zote za mkataba: dereva analeta shilingi 10,000 kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili ni yake. Jedwali langu la Excel lilionyesha Jumamosi tano hazikulipwa. Nikamwambia anadaiwa 50,000. Kijana akalitazama lile karatasi muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, tarehe 31 si ilikuwa Pasaka? Pasaka inakuwaje Jumamosi?"

Nikaishiwa maneno. Februari ya mwaka ule ilikuwa na siku 29. Mimi nilikuwa nimenakili ukurasa wa mwaka uliotangulia, ulioishia tarehe 28, nikaandika 1/3 chini yake na majina ya siku nikayaendeleza tu: tarehe 28 Jumatano, tarehe 1 Alhamisi. Kumbe tarehe 1 Machi ilikuwa Ijumaa. Kuanzia hapo kila Jumapili ya kijana wa watu niliiita Jumamosi, nikamwandikia deni. Nilimwomba radhi pale pale, na usiku ule nikakaa kujifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo.

Jambo lenyewe ni hili: jina la siku usiliandike kwa mkono hata mara moja. Andika tarehe, siku itokane na tarehe.

Kwenye A2, yaani seli (kisanduku) ya safu A, mstari wa 2, andika tarehe ya kwanza ya mwezi. Hapa pana mtego. Kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, kwa hiyo ukiandika 3/4/2025 ukikusudia Aprili, yenyewe inaelewa Machi. Jaribu kuandika 13/4/2025. Ikikaa kulia mwa seli, imesomwa kama tarehe. Ikikaa kushoto, imechukuliwa kuwa maandishi tu na hakuna fomula itakayoihesabu sawasawa. Mimi siku hizi naandika 2025-04-01, ambayo haina utata, halafu kwa Ctrl+1 nachagua ionekane ninavyotaka.

Unaweza kushika kile kimraba kidogo kwenye kona ya chini kulia ya seli ukakiburuta, na tarehe zitajipanga zenyewe. Kwa kazi ya siku moja inatosha. Kwa daftari la kila mwezi nashauri fomula: kwenye A3 weka =A2+1, kisha buruta mpaka A29. Inawezekana kujumlisha moja kwa sababu kwa Excel tarehe ni namba tu, inahesabu siku kuanzia 1 Januari 1900. Ndiyo maana wakati mwingine unafungua faili unakuta 45658 mahali pa 1 Januari 2025. Usiogope, data haijapotea. Rudisha mwonekano wa tarehe.

Mstari wa A30 ndio wa tarehe 29, ile iliyoniponza. Hapo weka:

=IF(MONTH($A$2+28)=MONTH($A$2),$A$2+28,"")

A31 weka hiyo hiyo kwa 29 badala ya 28, na A32 kwa 30. Mwezi ukiwa mfupi, seli zinabaki tupu zenyewe.

Sasa siku. Ukiandika Jumatatu ukaburuta, Excel inarudia Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu, maana majina yetu haiyajui mpaka uifundishe. Na fomula yake ya WEEKDAY, inayotoa namba ya siku katika wiki, kwa kawaida inaanza wiki Jumapili, yaani Jumapili ndiyo 1 na Jumatatu ni 2. Kwa Mswahili inachanganya, kwa sababu wiki yetu inaanza Jumamosi, na namba imo ndani ya jina: mosi, pili, tatu, nne, tano. (Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, ya hesabu inayoanza Jumapili.) Nilifurahi sana kugundua kuwa ukiongeza 16 ndani ya WEEKDAY, Excel inahesabu kama sisi: Jumamosi 1, Jumapili 2, Jumatatu 3. Kwenye B2 weka:

=IF(A2="","",CHOOSE(WEEKDAY(A2,16),"Jumamosi","Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa"))

Iburute mpaka chini. Kompyuta ikikataa, jaribu nukta mkato mahali pa mikato iliyo nje ya alama za kunukuu. Inategemea mpangilio wake.

Jumapili nimezipaka kijivu kwa Conditional Formatting (rangi inayojiweka sharti likitimia), fomula =WEEKDAY($A2,16)=2. Sizifuti, kwa sababu dereva mwenye deni mara nyingine analeta kitu Jumapili. Kama wewe huzitaki kabisa, kwenye A3 tumia =WORKDAY.INTL(A2,1,11), inaruka Jumapili peke yake; hapo iburute mpaka mwezi uishe tu, na zile fomula za A30 hadi A32 usiziweke. Ukiburuta, kwenye machaguo yanayotokea usichague Fill Weekdays, hiyo inaruka na Jumamosi, na huku kwetu Jumamosi ni siku ya kazi.

Jambo la mwisho: TODAY(), fomula inayotoa tarehe ya leo, isitumike kuandika siku ya malipo. Kesho utakuta imekuwa kesho. Bonyeza Ctrl pamoja na nukta mkato, tarehe ya leo inaandikwa na kubaki hivyo hivyo.

Kila mwezi ukianza nabadilisha A2 tu, nachapisha nakala mbili. Moja anakaa nayo dereva.