Kuitembelea Kraków kwa Fedha Kidogo

Nilipokwenda Kraków, mji wa kale ulioko kusini mwa Poland, nilikuwa mwanafunzi nchini Ujerumani na mfuko wangu ulikuwa mwepesi. Nilikaa siku nne, na ushauri wangu kwa anayepanga safari kama hiyo ni huu: tembea kwa miguu kila inapowezekana, ili unachookoa ukitumie kwa vitu vichache vinavyostahili kulipiwa.

Kwanza, fedha. Ingawa Poland imo katika Umoja wa Ulaya, haitumii euro bali zloti. Nilipofika nilibadilisha fedha katika kibanda cha kwanza nilichokiona, bila kulinganisha bei ya kununua na ya kuuza, nikapoteza kiasi ambacho kingenilisha siku nzima. Zunguka kwanza, ulinganishe maduka mawili au matatu ya kubadilisha fedha, yenye neno "kantor" mlangoni. Mashine ya benki nayo ikikuuliza kama ukatwe kwa euro au kwa zloti, chagua zloti.

Mji Mkongwe umezungukwa na Planty, bustani iliyopandwa mahali zilipokuwa kuta za ngome, na humo unaweza kutembea asubuhi nzima bila kulipa chochote. Katikati ndiko kuliko Rynek Główny, uwanja uliopimwa mwaka 1257, ambao kila upande wake una urefu wa mita 200 hivi. Kila saa mpiga tarumbeta hupiga wimbo mfupi kutoka mnara mrefu wa Kanisa la Maria, akielekea pande nne kwa zamu, na kila mara wimbo hukatika ghafla kabla ya kwisha.

Kuingia ndani ya kanisa hilo ni kwa tiketi, nami nasema lipa. Madhabahu ya mbao iliyochongwa na Wit Stwosz kati ya mwaka 1477 na 1489 kwa kawaida hufunguliwa muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Nilisogea nikamtazama mtume anayemshika Bikira Maria asianguke: mikono ya mitume wale imechongwa hadi mishipa ya damu, na nilisahau kabisa kwamba ni mti.

Kwa chakula, tafuta "bar mleczny", mikahawa ya kawaida inayouza supu na pierogi, yaani maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, kwa bei nafuu. Malazi yatafute Kazimierz, mtaa wa kale wa Wayahudi, ambako unafika uwanjani kwa miguu.

Ukienda kwenye makumbusho ya Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi, huko katika mji wa Oświęcim, kuingia bila mwongozaji ni bure, ila lazima uweke nafasi mapema mtandaoni. Ipe ziara hiyo siku yake peke yake, na jioni yake usipange jambo jingine lolote.